Sili Mpaka Waje Kuomba

Buffalo, Alhamisi, 26 Februari

Theluji imerudi. Byamungu ametoka na koleo mara mbili tangu asubuhi, na theluji inamcheka tu. Mume wangu hana haraka na kitu chochote duniani, hata na kukasirika. Mimi nimekaa jikoni na daftari hili jipya kwa sababu binti yetu amesema mtu anayekwenda Ulaya mara ya kwanza lazima aandike.

Binti ni Grâce, muuguzi huko Louisville. Amechumbiwa na kijana anayeitwa Davide, fundi wa mashine zinazopanga bidhaa kwenye maboksi. Mimi kazi yangu kiwandani Tonawanda ni kupanga bidhaa kwenye maboksi. Kwa hiyo mkwe wangu mtarajiwa anakuja kunitoa kazini na binti pia anamchukua. Nilipomwambia Byamungu hivyo alicheka mpaka akaegemea friji.

Kwao Davide ni San Marino. Nilidhani ni mji wa Italia, kumbe ni nchi nzima, yenye bendera yake na ngome za karne na karne, imekaa juu ya mlima mmoja na Italia imeizunguka pande zote. Mama yake, Loredana, hawezi kusafiri kwa sababu anamtunza mama yake mzee, basi ametualika sisi. Byamungu kazini kwake wamemnyima likizo. Naenda mimi.

Lakini kuna jambo moja. Davide alipiga goti mgahawani mbele ya Grâce, akamvisha pete, watu wasiowajua wakapiga makofi. Vizuri. Ila hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuja kupiga hodi kwetu. Hakuna mjomba wala msemaji. Binti yangu ameombwa mbele ya wahudumu wa mgahawa, mimi mama yake sijaombwa.

Buffalo, Jumapili, 1 Machi

Theluji. Kanisani wote wameniuliza kama San Marino kuna baridi. Ningejuaje?

Columbus, Jumamosi, 7 Machi

Nimekuja kuaga kwa Bagula, kaka mkubwa wa Byamungu, anayeishi mtaa wa Clintonville. Kwetu baba wa binti hasemi siku ya posa. Anasema kaka yake. Kwa hiyo mambo ya Grâce yako mikononi mwa Bagula, na Bagula mikono yake haifunguki ovyo. Amekaa Amerika miaka mingi, anaendesha mashine ya kuinua mizigo ghalani, ana simu mbili, lakini habari za ndoa zikiguswa anarudi kijijini kwetu Kabare mzima mzima.

Alinisubiri nimalize sombe, majani yetu ya muhogo, ndipo akaanza.

"Mama Grâce, kule unaenda, usikule."

"Sikule namna gani, shemeji? Ni siku kumi!"

"Bon. Sikiya. Mama ya binti hakulake kwa bakwe mpaka bakuje kuomba. Hakulale mule, hata chai hakunywake. Ukikula, donc umekwisha kumutoa mutoto. Utamutoa Grâce juu ya sahani ya makaroni?"

"Basi nibaambie bakuje kuomba?"

"Jamais! Mutu hajiombesheke. Utasema aje? 'Kujeni muniombe'? Ile ni haya. Banapashwa kuikumbuka bo benyewe."

"Batakumbuka namna gani kitu habayijue?"

"Mungu atabaonyesha," alisema, akajipakulia sombe mara ya pili.

Nimeandika haya nikiwa nimekasirika, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba namuunga mkono. Mama yangu hakugusa kitu kwa akina Byamungu hadi siku walipokuja na ng'ombe. Nilijua siku ile kwamba nina thamani. Nataka Grâce naye ajue.

Louisville, Jumapili, 15 Machi

Huku miti imeshachanua, nyeupe barabara nzima. Koti la Buffalo nimelivua nikaona aibu nalo.

Davide alipika kwa Grâce. Niliuliza kwanza nyumba imekodiwa kwa jina la nani. Kwa jina la Grâce, nikala. Kijana anapika vizuri, halafu ameosha vyombo bila kutangaza kwamba anaosha vyombo. Anamtazama binti yangu akiongea hata kama anaongea habari za soksi. Nimempenda, na kumpenda kumenizidishia wasiwasi. Kama ningekuwa simtaki, kazi yangu ingekuwa rahisi.

Kesho tunaruka, sisi watatu.

San Marino, Jumanne, 17 Machi

Mjomba wa Davide, Vittorio, alitupokea uwanja wa ndege upande wa Italia na gari lake linalonuka ng'ombe. Harufu ile ilinifurahisha kuliko manukato.

Sasa habari ya mpaka. Nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri na mkononi nimeshika pasipoti, cheti cha uraia, kadi ya chanjo na hata kitambulisho cha kiwandani. Watu wa kwetu hatuvuki mpaka mikono mitupu. Nilikuwa nasali kimya. Davide akageuka akasema, "Tumeshaingia."

"Askari wako wapi?"

"Hakuna."

Nikasema hapana, turudi, wasije wakatuuliza baadaye tumepitia wapi. Grâce alijificha uso. Lakini Vittorio, mzee mpole, aligeuza gari na kuturudisha mpaka pale barabara inapopita chini ya daraja lenye maandishi. Nilishuka na karatasi zangu. Hapakuwa na kizuizi, kibanda, wala mtu wa kunitazama usoni na kunitazama kwenye picha. Alipita mama mmoja na mbwa wake, akanisalimia. Nilimwuliza Davide maandishi yanasema nini. Akasema, yanakukaribisha katika nchi ya kale ya uhuru. Nilicheka peke yangu kando ya barabara hadi machozi yakanitoka. Mipaka niliyoivuka maisha yangu yote, na huu ndio wa kwanza kuniambia karibu.

Furaha hiyo ilidumu hadi mlangoni kwa Loredana.

Ni mwanamke mfupi, nywele kazikata fupi, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde. Alinikumbatia kabla sijajiandaa. Alikuwa ametandika chumba, maua mezani, taulo tatu. Nikasema kupitia Grâce kwamba nimeshapanga kulala hoteli, nina mgongo mbaya. Uso wake ulishuka. Kisha akaleta keki. Nikasema tumbo limevurugika kwa ndege. Maji nikakubali, maji hayana ukoo. Anaongea Kiitaliano, Davide anakigeuza Kiingereza, na Grâce anaongeza Kiswahili pale ninapopotea. Mama huyu amenichosha. Anaamrisha, anavuta watu mikono, anafungua sufuria na kukunusisha kwa nguvu.

Jumatano, 18 Machi

Ukungu. Mlima umemezwa, sioni hata duka la mbele. Kwa Loredana kulikuwa na tambi za mayai alizozikanda kwa mkono wake. Tumbo, nikasema. Jioni hotelini nilikula ndizi na karanga za Buffalo.

Alhamisi, 19 Machi

Ukungu ulifunguka saa za asubuhi na nchi yote ikaonekana: ngome tatu kwenye ukingo wa mwamba, njia za mawe zinazopanda tu, na chini kabisa bahari. Magoti yangu hayakuwa yamepanda mlima tangu Bukavu. Buffalo ni tambarare kama meza. Nilipanda nikihema na kucheka, maua madogo ya njano yamechungulia kwenye nyufa za ukuta. Davide anasimulia kwamba nchi hii, kama wanavyosema wazee wao, ilianzishwa na mchonga mawe aliyekimbia mateso, akavuka bahari na kujificha juu ya mlima huu.

"Donc mukimbizi," nikasema.

"Mkimbizi," Grâce akamtafsiria kwa Kiingereza, na Davide akasema ndiyo, kwa majivuno kabisa.

Halafu akasema wakuu wa nchi yao ni wawili na hubadilishwa kila baada ya miezi sita. Nikamwambia arudie. Miezi sita! Nikauliza, wanatoka wenyewe? Wanatoka wenyewe, kwa matarumbeta. Nilimpigia Byamungu hapo hapo.

Mchana Loredana alileta mkate mwembamba wa moto wenye jibini. Harufu ilinifuata hadi puani na kukaa. Nikatikisa kichwa. Akapiga paji lake la uso na kusema neno moja, naye Davide akatafsiri: "Anasema ameelewa. Unafunga Kwaresima."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Loredana alinishika mashavu mawili kwa heshima kubwa. Hadi jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mama wa Buffalo ni mtakatifu.

Ijumaa, 20 Machi

Ukungu. Loredana ametuma supu hotelini, eti supu haivunji mfungo. Supu ya wakwe ni supu ya wakwe hata ikitembea. Nimempa binti wa mapokezi.

Jumamosi, 21 Machi

Ukungu. Karanga zinaisha. Nimeota lenga-lenga, mchicha wetu.

Jumapili, 22 Machi

Nitaandika yote, maana moyo hautulii.

Tulisali pamoja kwenye kanisa kubwa la mjini. Upepo ulikuwa mkali, Loredana alinishika mkono kwenye ngazi. Tukaenda kwake. Meza ilikuwa imejaa kutoka ukingo hadi ukingo: tambi za tabaka, sungura wa kuokwa, viazi, mboga za pori, divai. Mama yake, Bibi Kornelia, mwenye miaka tisini na mitatu, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, kijiko tayari mkononi. Loredana akasimama na kutangaza. Davide akatafsiri: "Anasema Jumapili si siku ya kufunga. Kanisa lenyewe linasema hivyo. Leo unakula."

Nilikuwa sina tena mahali pa kujificha. Nilitazama sungura yule. Nilimkumbuka mama yangu akikaa wima kwa akina Byamungu, mikono mapajani. Nikasema asante, siwezi.

Loredana aliweka sahani chini taratibu. Akasema tena jambo, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, na Davide hakutaka kutafsiri. Grâce akamlazimisha.

"Anasema binti wa hoteli amerudisha sufuria akaisifu supu. Anauliza amekukosea nini. Anauliza kama humtaki mwanawe."

Ningeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mtu hawezi kujiombea kuombwa. Nikilisema, hata wakija, watakuwa wamekuja kwa sababu nimewaita. Nikasema tu kwamba Davide ni mtoto mzuri. Loredana alisikiliza tafsiri, akavua aproni, akaikunja, akaingia jikoni na kufunga mlango. Bibi Kornelia peke yake aliendelea kula.

Grâce alinisindikiza hotelini. Mlangoni ndipo akanigeukia, kwa Kiingereza, kama wanavyofanya watoto wetu wakikasirika. Akasema yule mwanamke amepika tangu Jumatatu, ameazima kiti kwa jirani ili nipate cha kustarehe, amejifunza kusema "karibu" mbele ya kioo. Akasema, "Mama, kama unataka niachane naye, sema. Lakini usimtese mama yake."

Akaondoka. Nimekaa kitandani na kitenge changu. Kumbe nilimwita mwamrishaji, na mwenzangu alikuwa anahangaika. Namwonea huruma. Najionea huruma na mimi. Sijui nifanye nini.

Jumatatu, 23 Machi

Upepo. Grâce hakuja. Mkate wa dukani, hauna ladha yoyote.

Jumanne, 24 Machi

Nilimpigia Byamungu. "Kula, mama," akasema. "Kula tu, Bagula nitamuongelesha." Nikampigia Bagula. "Ukikula, usinipigie tena," akasema, kisha akaniuliza kama kuna baridi.

Mchana Grâce aligonga. Macho yamevimba. Alikaa kitandani, akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Mama, niambie kweli. Haumupende Davide?"

"Ninamupenda sana."

"Basi ni nini?"

Nikamwambia. Mpaka sasa sijui kilichonifungua mdomo, labda ni vile alivyokaa, miguu haigusi sakafu, kama alivyokuwa mdogo. Nikamweleza habari ya hodi, ya msemaji, ya bibi yake aliyekaa wima mikono mapajani, na ya Bagula na makaroni yake.

Kisha akaanza kucheka, akaanguka chali kitandani akicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena.

"Mama! Juu ya nini haukuniambia?"

"Kwa sababu ungebaambia."

"Nilifika Buffalo niko na miaka sita! Mulitaka niijue namna gani, na upepo?"

Kweli, watoto wetu tuliwafundisha sala, tukawafundisha kusalimia wakubwa, na hili hatukuwahi kulitaja, kwa sababu tulidhani linakuja lenyewe na damu.

Alifuta uso, akachukua koti.

"Unaenda wapi?"

"Wewe haujanituma," akasema. "Siyo vile?"

"Sijakutuma," nikasema.

Sheria ya Bagula inamkataza mama. Kuhusu bibi harusi mwenye hasira, Bagula hakusema kitu.

Jumatano, 25 Machi

Leo ni sikukuu ya taifa lao. Anga lilikuwa jeupe, ukungu hakuna, na nilikuwa bado nafunga kilemba nilipogongewa mlango.

Walikuwa wote pale kwenye ujia wa hoteli. Vittorio kwa suti na tai, nywele kazilaza kwa maji. Loredana kwa koti jeusi na midomo kaipaka rangi. Davide anahema, maana amemsukuma Bibi Kornelia na kiti chake juu ya mawe yale hadi hapa. Lifti ya hoteli ni mbovu tangu jana, wakambeba ngazini. Hakuna aliyeingia. Vittorio alibisha tena mlango uliokuwa umeshafunguka, kwa sababu Grâce alimwambia lazima abishe.

Akasema, na Davide akatafsiri kila neno akiwa mwekundu kama nyanya: "Sisi ni watu wa mlima huu. Tuna kijana. Tumesikia katika nyumba yenu kuna binti. Tumechelewa kuja na tunaomba radhi. Tumekuja kuomba."

Nilishika ukingo wa mlango. Nilijua kabisa kwamba wamefundishwa jana, na haikunipunguzia kitu. Mwanamke huyu alikuwa na haki ya kunifungia mlango wake. Badala yake alivaa, akamvalisha mama yake wa miaka tisini na mitatu, wakapanda mlima.

Nikawakaribisha, wakaketi kitandani kwangu. Tukampigia Bagula, ambaye alikuwa anajiandaa kwenda ghalani, fulana ya kazi ya rangi ya machungwa mwilini. Byamungu naye akaingia kwenye simu kutoka Buffalo, akakaa kimya kama inavyompasa baba, ila alikuwa anatabasamu hadi masikioni. Bagula alisikiliza, akakohoa, akawauliza ukoo wao, kazi zao, kama kuna mlevi. Grâce akatafsiri. Vittorio akakiri mlevi mmoja, marehemu. Bagula akaridhika na ukweli huo.

"Bon. Na ng'ombe?"

Grâce alitafsiri kwa woga, lakini Vittorio uso ulimng'aa. Anafuga! Akatoa simu yake kumwonyesha Bagula picha.

"Picha haikamuliwake," Bagula akasema. "Niionyeshe ng'ombe."

Basi tukashuka wote na magari mawili hadi zizini kwa Vittorio, Bagula kwenye simu mkononi mwa Grâce. Nyasi mpya zilikuwa zimeota, laini, na ng'ombe weupe wakubwa walitutazama. Vittorio akamtoa mmoja. "Geuza. Nione mugongo. Sasa miguu. Inua kichwa," Bagula akaamrisha kutoka Columbus, na Vittorio alitii kila neno kwa furaha ya mfugaji aliyempata mfugaji mwenzake. Waliongea habari za kwato kuliko za ndoa. Mwishowe Bagula akasema, "Iko muzuri. Ibakie kule, mutatuchungia." Kwetu ndivyo, ng'ombe wa ukoo anaweza kukaa kwa wakwe akachungwa. Kwa hiyo leo ukoo wetu una ng'ombe San Marino.

Halafu Bagula akabadilisha sauti.

"Mama Grâce. Bamekuja, bameomba. Ni wewe wa mwisho. Tubapatie mutoto?"

Wote wakanigeukia. Siku zote hizi nilikuwa napigania hilo swali, nimelala njaa kwa ajili yake, na sikuwa nimekaa hata mara moja kufikiria jibu lake. Grâce alikuwa amesimama kwenye nyasi, upepo unampiga, anasubiri ruhusa yangu kama mtoto anayetaka kutoka kucheza. Nikaelewa kwa nini mama yangu alikaa wima vile. Alikuwa anajizuia asianguke.

Loredana hakungoja tafsiri. Alikuja akasimama karibu nami, bega kwa bega, bila kunivuta popote.

"Mubapatie," nikasema.

Vigelegele nilipiga mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kupiga. Ng'ombe wakakimbia. Byamungu alilia kwenye simu bila kujificha.

Kisha tukaenda nyumbani kwa Loredana na nikakaa mezani. Alikuwa amebakiza sungura, amekanda tambi mpya, mkate mwembamba unatoka motoni mmoja baada ya mwingine. Nilikula. Nilikula tambi, nikala sungura, nikafuta sahani kwa mkate, nikaomba tena, na Davide akawa anahesabu kwa kicheko hadi Grâce akamkanyaga mguu. Niliwaza kwamba Loredana atasimama anitazame. Lakini naye alikuwa ameketi, ameinama juu ya sahani yake, anakula kwa haraka, mkate mkono huu, uma mkono ule, haongei kabisa.

Bibi Kornelia akasema kitu kwa sauti ya juu. Wote wakacheka, ila Loredana akawa mwekundu na kumkemea.

"Anasema nini?" nikauliza.

Grâce alisita. "Anasema, asante Mungu, binti yake anakula. Tangu tulipofika haketi mezani kula. Alisema atakulaje mbele ya mgeni mwenye njaa."

Nilimtazama. Aliyatazama makombo. Wanawake wawili wazima, tumekonda kwa heshima, kila mmoja kwa sheria yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Nikavuta bakuli, nikachukua kijiko kikubwa, nikampakulia hadi sahani ikajaa.

"Kula, Mama Davide," nikamwambia kwa Kiswahili.

Hakungoja kutafsiriwa. Alikula.